Makontena ishirini ya mchele unaonukia

Ujumbe uliingia kwenye simu ya kijana anayeendesha mashine ya kukoboa njia ya Mabogini, kusini mwa mji wa Moshi. Mnunuzi wa ng'ambo alitaka bei ya tani 500 za mchele mweupe, mrefu, unaonukia, chenga asilimia 5, unyevu usiozidi asilimia 14, uliopita sotex, viroba vya kilo 50, FOB. Kijana alinionyesha huku anacheka. "Kaka, mchele ninao. Sasa hayo mengine yote anaongea nini?"

Nilimjibu kwamba hayo mengine ndiyo oda yenyewe. Neno "mchele" pale ni dogo kuliko yote. Kila linalolifuata ni ahadi inayopimika, na kila ahadi ina mahali inapovunjikia: shambani, kwenye turubai, mashineni, au ndani ya kontena.

Harufu kwanza, kwa sababu ndiyo inayouza. Kiswahili kinatenganisha kinachonuka na kinachonukia. Mchele wenye pumba iliyochacha unanuka, mchele wa mbegu ya Supa unanukia. Kinachonukia ndani ya punje ni kemikali moja hasa, 2-asetili-1-pirolini, ambayo wataalamu huifupisha 2AP. Ilitambuliwa kwenye mchele mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ndiyo hiyo hiyo iliyomo kwenye majani ya pandani ambayo wapishi wa Thailand na Indonesia huyatupia kwenye sufuria ya wali, mmea wa ukoo mmoja na mkadi wa pwani yetu. Pua huinasa hata ikiwa kidogo mno.

Ajabu yake ni kwamba mpunga hunukia kwa sababu ya hitilafu. Mpunga wa kawaida una jeni inayoitwa BADH2, kwenye kromosomu ya 8, inayotengeneza kimeng'enya kinachomaliza malighafi ya 2AP kabla haijajikusanya. Kwenye mpunga unaonukia jeni hiyo imeharibika, kimeng'enya hakifanyi kazi, malighafi inabaki, na harufu inazaliwa. Hitilafu hiyo lazima irithiwe pande zote mbili, baba na mama. Ndiyo maana mbegu ya kuokoteza, iliyochanganyikana ghalani au kwenye kombaini iliyotoka shamba la jirani, inakupa gunia ambalo sahani moja inanukia na nyingine haina habari.

Hapa Moshi jambo hilo lina historia yake. Mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, uliojengwa kwa msaada wa Japani na kukamilika mwaka 1987, ulileta majaruba yaliyosawazishwa vizuri katika vijiji kama Chekereni, Mabogini na Oria, na ukaja na mbegu ya IR54. IR54 ilizaa sana, watu wakajenga nyumba. Lakini IR54 hainukii. Mpishi wa Moshi anayetaka wali wa sikukuu alikuwa anakula mpunga wa nyumbani siku za kazi na kununua mchele wa Magugu, Kyela au Kilombero siku ya wageni. Baadaye ilikuja SARO 5, yaani TXD 306, iliyoidhinishwa mwaka 2002. Ina damu ya Supa ndani yake: inazaa vizuri, inanukia kiasi. Neno "kiasi" linamtosha mama lishe wa stendi. Mnunuzi wa ng'ambo atakuuliza kiasi gani.

Mkulima anayechagua mbegu anapima vitu viwili vinavyovutana. Supa halisi ni ndefu, inaanguka kwenye upepo, inachelewa, na inazaa kidogo. Inanukia nyumba nzima. Mbegu fupi za kisasa zinajaza ghala. Kama bei ya gunia la mpunga shambani ni moja kwa zote, mkulima mwenye akili timamu atapanda inayojaza ghala, na simlaumu. Harufu haitarudi Lower Moshi kwa semina. Itarudi dalali atakapoanza kulipa tofauti kwa mpunga unaonukia.

Halafu 2AP inapeperuka. Ukikausha kwa moto mkali inatoka, ukiweka ghala lenye joto miezi mingi inatoka. Mpunga unaoanikwa juani kwenye lami saa saba mchana unapoteza vitu viwili kwa pamoja: harufu, na uzima wa punje, ambao tutaufikia muda si mrefu. Huyo mnunuzi anayetaka tani 500 atazipokea wiki nyingi baada ya wewe kuziweka kwenye viroba. Harufu unayoisikia mashineni siyo atakayoisikia yeye.

Kwenye biashara ya dunia, "unaonukia" peke yake bila jina la mbegu ni neno la kawaida la bei ya kati. Wenye majina wanayalinda. Thailand ina Hom Mali, inayotokana na mbegu ya Khao Dawk Mali 105 ya mwaka 1959, na kiwango chao kinadai mzigo uwe na usafi wa mbegu wa angalau asilimia 92. Basmati inayouzwa Uingereza, kwa kanuni walizojiwekea wafanyabiashara mwaka 2005, hairuhusiwi kuwa na zaidi ya asilimia 7 ya mchele usio basmati, na vipimo vya vinasaba ndivyo vinavyoamua, siyo pua. Chini yao kuna Vietnam, inayouza Jasmine 85, Dai Thom 8 na OM5451 kwa meli nzima nzima hadi Ghana na Ivory Coast, na ambayo mbegu yake ya ST25 ilishinda taji la mchele bora duniani mwaka 2019. Mnunuzi anapoandika maneno yale machache kwa kijana wa Mabogini, kichwani mwake ana bei ya Vietnam. Hana habari ya Magugu.

Urefu hauna maneno mengi. Kiwango cha kimataifa cha Codex kinaruhusu kupima kwa urefu wenyewe, milimita 6.6 na kuendelea, au kwa uwiano wa urefu na upana, mara 3 na kuendelea kwa mchele mweupe. Chukua punje kumi nzima, zipange kwenye rula kichwa kwa mkia. Zikivuka milimita 66, wewe ni mrefu. Thailand inadai milimita 7 kwa Hom Mali yake.

Weupe na chenga ndipo pesa inapopotea bila mwizi.

Ukikoboa kilo 100 za mpunga mkavu, makapi yanachukua kama kilo 20, pumba inachukua nyingine, na unabaki na mchele wa kama kilo 65, kidogo juu au chini. Hapo hesabu ya mtaani inaishia. Hesabu ya oda ndiyo inaanza: kati ya hizo kilo 65, punje nzima ni ngapi? Kwa viwango vingi punje iliyobaki angalau robo tatu ya urefu wake huhesabiwa nzima, na iliyopungua hapo ni chenga. Mashine nzuri, inayomenya makapi kwa mipira kwanza na kung'arisha taratibu kwa hatua, ikipewa mpunga uliokaushwa vizuri inaweza kutoa kilo 50 za punje nzima. Ile ya kizamani inayomenya na kung'arisha kwa mkupuo mmoja ndani ya chuma, ikipewa mpunga uliopasuka juani, inaweza kukupa kilo 35 na mlima wa chenga.

Tuipeleke oda kwenye hesabu. Tani 500 zenye chenga asilimia 5 maana yake ni tani 475 za punje nzima na tani 25 za chenga. Kwa mashine ya kwanza unahitaji tani 950 za mpunga. Utapata mchele tani 617 na nusu kwa jumla, na baada ya kutimiza oda utabaki na chenga tani 117 na nusu. Kwa mashine ya pili unahitaji mpunga zaidi ya tani 1,350, na chenga zitakazobaki ni zaidi ya tani 380. Oda ile ile, bei ile ile ya mnunuzi, tofauti ni tani 400 za mpunga ulionunua kwa fedha yako.

Na kosa mara nyingi si la mashine. Punje hupasuka ikiwa bado ndani ya ganda. Mpunga ukivunwa unyevu ukiwa kati ya asilimia 20 na 24 kisha ukakaushwa polepole hadi 14, punje inabaki nzima. Ukiachwa shambani ukakauka wima, ukapigwa na umande usiku na jua mchana, unaota nyufa za ndani usizoziona. Mwenye mashine anaulaumu mpunga, mkulima anailaumu mashine, na wote wawili wana sehemu ya ukweli. Kipima unyevu kinachoshikwa mkononi kingemaliza ugomvi huo, lakini watu bado wanang'ata punje kwa meno na kusikiliza inavyolia. Mzee aliyefanya hivyo miaka thelathini anakaribia sana. Kukaribia hakuandikwi kwenye mkataba.

Sotex, kwa wanaouliza, asili yake ni jina la kampuni ya Uingereza iliyotengeneza mashine za kuchagua nafaka kwa jicho la umeme. Punje zinaanguka mbele ya kamera, yenye doa inapulizwa nje kwa upepo. Leo sotex ni gredi. Mtu anakwambia "huu ni sotex" kama anavyosema "huu ni Supa", hata kama mashine yenyewe ilitoka China.

Tumefika kwenye neno lililomchekesha kijana kuliko yote: tani 500. Watu hudhani mchele wa jumla unamiminwa melini kama ngano. Hapana. Ngano na mahindi humiminwa, lakini mchele mweupe umeshavuliwa ganda na pumba, unavunjika na kufyonza unyevu haraka, kwa hiyo hata meli kubwa inayokwenda Afrika Magharibi kwa kawaida huupakia kwenye magunia. Kontena la futi 20 linachukua kama tani 25, yaani viroba 500 vya kilo 50. Oda ile ni makontena 20, viroba 10,000.

Zinatoka wapi? Tuseme shamba linatoa tani 5 za mpunga kwa hekta, ambayo si mbaya. Tani 950 zinahitaji hekta 190. Kipande cha kawaida cha Lower Moshi ni mita 30 kwa 100, yaani hekta 0.3. Hivyo ni vipande zaidi ya 630, vyenye wamiliki na wapangaji wao. Wote wapande mbegu moja, wapate maji kwa zamu inayolingana, wavune unyevu ukiwa sawa. Nao mradi wenyewe, uliopangiwa hekta kama 1,100 za mpunga, umekuwa ukigombania maji kwa miaka mingi, kwa sababu watu wa juu ya mfereji nao waliuona mpunga unalipa wakachimba majaruba yao. Anayekaa mwisho wa mfereji anavuna mwezi mwingine kabisa.

Hapo ndipo mchele wetu unaposhindwa. Kwenye sahani, sahani moja, Supa ya Magugu inasimama mbele ya mchele wowote duniani. Nitabishana na yeyote. Mnunuzi wa makontena hanunui sahani. Ananunua uhakika kwamba kiroba cha 1 na kiroba cha 10,000 ni ndugu pacha. Mkaguzi wa kampuni huru atakuja na bambo, atachoma viroba hapa na pale bila kukuuliza, atachanganya sampuli, atahesabu chenga, punje nyekundu, zenye tumbo jeupe kama chaki, na mawe. Jaza makontena kwa kuzunguka Mabogini, Mto wa Mbu, Magugu na soko la Kilombero pale Arusha, na bambo litasimulia safari yako yote.

Kwa hiyo kijana ajibu nini? Kabla ya kumjibu mtu wa ng'ambo, nilimshauri aangalie upande wa Holili, mpakani na Kenya, mwendo usiofika saa moja kutoka Moshi.

Kenya inakula mchele mwingi kuliko inaolima, na pengo kubwa inalijaza kwa mchele wa Pakistani na nchi nyingine za Asia. Ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki kwa mchele wa nje ni asilimia 75 ya thamani au dola 345 kwa tani, kinachozidi ndicho kinachotozwa. Kenya imekuwa ikiomba nafuu, ikatoza asilimia 35 au dola 200. Tufanye mfano: mchele wa Asia ukifika Mombasa kwa dola 500 kwa tani, asilimia 35 ni dola 175, lakini 200 ni kubwa zaidi, kwa hiyo unalipiwa 200. Wako uliolimwa Chekereni unavuka bila ushuru huo, mradi uthibitishe umelimwa hapa. Dola 200 kwa tani ni zawadi ya ramani, na inaweza kukatika: mara kadhaa serikali ya Kenya imefungua dirisha la kuingiza mchele wa nje bila ushuru, na aliyekuwa ghalani na mzigo akisubiri bei siku hiyo anaumia.

Tena mlaji wa Nairobi anapenda kunukia. Amelelewa na pishori ya Mwea, ambayo ni basmati 370, na pishori haitoshi. Huyu hahitaji kufundishwa. Na anayemletea mchele ananunua lori moja, si makontena ishirini. Lori moja la mbegu moja linawezekana kwa vipande arobaini hivi vya wakulima wanaofahamiana.

Neno "uthibitishe" lina uzito. Majirani wamewahi kuutoza mchele wa Tanzania ushuru kamili wakidai ni wa Asia uliobadilishiwa magunia bandarini. Anayechanganya mchele wa nje na wa kwetu ili apate faida ya msimu mmoja anachoma daraja la wote. Dawa yake ni cheti cha uasili wa bidhaa. Kwa mzigo usiozidi dola 2,000 kuna cheti kilichorahisishwa kinachotolewa mpakani, na wafanyabiashara wadogo, wengi wao akina mama, ndio wanaokitegemea. Mpaka wa Holili na Taveta, kama wa Namanga, ni kituo kimoja cha pamoja: unakaguliwa na nchi zote mbili chini ya paa moja. Foleni zimepungua. Hazijaisha.

Makaratasi mengine yanafanana popote unapokwenda. Kibali cha kusafirisha nafaka nje kutoka Wizara ya Kilimo. Cheti cha afya ya mimea kutoka TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, ambayo makao yake makuu yako Arusha, kwa hiyo sisi wa kaskazini hatuna kisingizio cha umbali. Hati ya kufukizwa dawa ya kuua fukusi. Ankara, orodha ya mzigo, na hati ya shehena kama unapanda meli. Kwenye dawa kaa chonjo: Umoja wa Ulaya mwaka 2017 ulishusha kiwango cha mabaki ya trisaiklazoli, dawa ya ugonjwa wa mpunga, hadi miligramu 0.01 kwa kilo, na basmati ya India ikajikuta mlangoni haiingii. Alichopuliza mkulima mwezi wa pili kinasomeka maabara mwezi wa tisa.

Na FOB? Maana yake bei yako inaishia mzigo ukiwa umepakiwa melini kwenye bandari mliyoandika. Usafiri wa kutoka Moshi, wakala wa forodha, gharama za bandari, vyote ni vyako, na Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita 500. Mnunuzi hakuandika bandari. Yeye anaweza kulisahau hilo, wewe huwezi. Kontena nalo linatoka jasho: mchana chuma kinapashwa, usiku kinapoa, mvuke unageuka matone darini na kudondokea viroba. Watu huweka karatasi nene ukutani na vifuko vya kunyonya unyevu. Mchele wa asilimia 14 unavumilia. Wa asilimia 16 unafika na ukungu.

Kuhusu malipo sitazunguka. Mtu usiyemjua anayetaka tani 500 kwa ujumbe mmoja, kisha akaomba utume "ada ya usajili" kidogo ili oda ipite, si mnunuzi. Mnunuzi wa kweli ataanza kwa kuomba sampuli, ataleta benki yake iandike dhamana kwamba fedha zitalipwa hati zikikamilika, na atabishana nawe kuhusu chenga kabla ya kubishana kuhusu bei.

Pia mnunuzi wa ng'ambo hatabiriki. Julai 2023 India, inayouza karibu asilimia 40 ya mchele unaovuka mipaka duniani, ilizuia mchele mweupe usio basmati, na bei zikapanda hadi mtu wa Mabogini akaanza kupigiwa simu na watu wasiojua Moshi iko wapi. Septemba 2024 zuio likaondolewa, simu zikanyamaza.

Kijana alisikiliza yote, akachukua kalamu, akaandika nyuma ya risiti. Siku mbili baadaye aliniambia amemjibu mtu wa ng'ambo kwamba anaweza kutuma sampuli ya kilo mbili na kuanza na kontena moja la SARO 5, bandari ya Tanga. Hajajibiwa. Wakati huo huo anaongea na mnunuzi wa Taveta kuhusu lori moja la Supa ya Magugu, na huyo ameshafika mara mbili, amechoma magunia kwa bambo, ametafuna punje mbichi.

Kilichokuwa kinamsumbua ni kitu kingine. Alikuwa amepiga hesabu ya kontena lake moja na kuona atabaki na chenga karibu tani sita. Akaniuliza kama nawafahamu akina mama wa vitumbua pale Mbuyuni, na wanachukua debe ngapi kwa wiki.